Mwaka Tuliomtafuta Mchongezi

Maman Régine alizikwa kwao Nkungu siku ya Jumanne, na Jumapili iliyofuata tukapanda tena mlima kwenda kumaliza kilio. Nilikuwa nimeketi benchi la tatu chini ya turubai la shitingi, chupa ya Fanta mkononi, sijaifungua, nilipouona mgongo wa Faustin. Miaka kumi na miwili sikuwa nimemtia machoni, lakini mgongo wa mtu uliyesoma naye mwaka mzima huwezi kuusahau. Watu wengine wakikutana na rafiki wa zamani moyo hufurahi kwanza, maswali huja baadaye. Wangu uliuliza palepale: huyu amefuata nini hapa? Kwetu siku ya kumaliza kilio msemaji wa familia husimama akawauliza watu kama kuna mwenye neno na marehemu, liwe la shukrani au la kinyongo, alitoe leo mbele ya wote ili marehemu apumzike na walio hai wapumue. Nikajua, hata kabla hajageuka, kwamba Faustin amevuka ziwa kutoka Nkombo, akapanda mlima wote ule na viatu vyake vya Jumapili, ili asimame mbele ya watu anitaje mimi. Na angenitaja, angekuwa na haki.

Nitauelezea mwaka huo kama ulivyokuwa, na nitaruka habari za baba na mama na nani alikimbilia wapi, maana nusu ya watu wa hapa Rusizi wanayo hadithi hiyo na zote zinafanana. Yatosha kusema nilisoma Bukavu, kwa Kifaransa, na kwamba nilipokuwa na miaka ishirini na saba nilifanya kazi katika kijiofisi kimoja karibu na daraja la Rusizi II, nikiwajazia karatasi akina mama wanaovusha bidhaa. Pale darajani nilijifunza somo moja lililoniharibu: hakuna anayekamatwa bila kusemwa. Mama anapita miezi sita na vitenge vyake chini ya mihogo, hakuna anayemgusa. Siku moja anaitwa pembeni, mfuko uleule unafunguliwa, na sisi wote kwenye foleni tunaanza kutazamana. Hatuulizi amefanya nini, hilo tunalijua. Tunauliza nani amemsema: jirani, wifi, au yule waliyegombania kizimba sokoni. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema akina mama wale, na mimi niliyashika maneno hayo kuliko wengine wanavyoshika Zaburi.

Mwaka huo ndio nilioanza masomo ya chuo kwa njia ya mtandao, mimi na wenzangu wawili. Chuo kilikuwa mbali, hatukuwahi kukiona. Kwetu kilikuwa ni kompyuta moja ya kukunja iliyowekwa juu ya beseni lililopinduliwa, katika sebule ya nyuma ya Maman Régine, mtaa wa Kamembe. Naiona sebule ile mpaka leo. Viti vinne vya mbao vyenye vitambaa alivyovifuma mwenyewe, kabati la sahani ambazo hazikuwahi kupakuliwa chakula, televisheni iliyokufa zamani lakini bado imefunikwa kitambaa cheupe kwa heshima, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Maman Régine alikuwa na miaka arobaini na tisa wakati ule. Alifanya kazi ya mapokezi katika zahanati, na alirudi shule kwa sababu alichoka kuwafundisha kazi vijana ambao mwaka unaofuata walikuwa wakubwa wake. Alikuwa mwanamke mzito, mcheshi, mwenye imani na kila mtu. Jambo hilo nililiona ni ujinga, na nilimwambia.

Wa tatu alikuwa Faustin, mwalimu wa shule ya msingi kule kisiwani Nkombo. Alikuja kila Jumapili baada ya misa, kwa mtumbwi wa mota, na mara nyingi alikuja na sambaza, vidagaa vya ziwani, zilizovuliwa usiku uliopita, zimefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Maman Régine alizikaanga mpaka zikalia, akaziweka na bugali na sombe ya majani ya mihogo katikati ya meza, tukanawa, tukala kwanza. Yeye hakuamini kwamba kitu kinaweza kuingia kichwani tumbo likiwa tupu. Baada ya kula alifuta meza, akaleta chai, na kompyuta ikafunguliwa.

Hapa lazima nieleze tulivyosoma, kwa sababu hapo ndipo mkosi wetu wote ulipotokea. Chuo kilifundisha kwa Kiingereza. Mimi na Maman Régine Kiingereza chetu kilikuwa cha kubahatisha, lakini Faustin alikijua, alikuwa akikifundisha. Basi alisoma ukurasa mzima kwa sauti, akatueleza kwa Kiswahili, tukaubishia. Tulibishana kwelikweli, Maman Régine na mifano yake ya zahanati, mimi na mifano yangu ya daraja. Tukishakubaliana jibu lipi ni zuri, Faustin alilitamka kwa Kiingereza taratibu, nasi tukaandika, kila mmoja kwenye daftari lake. Mwishoni tuliyapiga yote kwenye kompyuta ileile moja na kuyatuma, moja baada ya jingine.

“Tumekubaliana?” aliuliza Maman Régine, kama mwenyekiti wa kikundi.

“Tumekubaliana.”

“Sasa Faustin asome polepole, bantu baandike. Espé, usitie mambo yako,” aliniambia mimi.

Siku moja nilipendekeza kila mtu aandike la kwake. Si kwa uaminifu, ni kwa sababu niliona langu lingekuwa zuri zaidi. Maman Régine aliweka kikombe chini.

“Kila muntu na yake? Na ule mwenye iko na mubaya, tumuache na mubaya yake? Hiyo ni masomo ya namna gani?”

Faustin alicheka. “Maman anasema kweli. Kama tumepika pamoja, tunakula sahani moja.”

Hivyo ndivyo tulivyoelewa. Katika vikundi vyetu vya kanisani na vya ushirika, jibu likishapatikana ni la wote, na kumwachia mwenzako jibu bovu wakati wewe unalo zuri ni uchoyo. Hakuna aliyetuambia vingine, au tuliambiwa katika ule ukurasa mrefu wa masharti ambao mtu huweka alama ya kukubali bila kusoma. Mimi, mtu wa kujaza karatasi, sikuusoma. Nilidhani ulikuwa mtego wa kutuchosha.

Muhula wa pili tukapewa somo lililoitwa Utu Katika Kazi. Lilikuwa la lazima kwa kila mwanafunzi, hata wa hesabu, na mwalimu wake alikuwa mwanamke tuliyemwita Madamu Odette. Sauti yake tu ndiyo tuliyokuwa nayo, katika rekodi za dakika ishirini ishirini. Ilikuwa sauti ya chini, yenye Kiswahili cha mtu aliyekulia Uvira kikijipenyeza ndani ya Kiingereza chake, na mwishoni mwa kila rekodi alisema: kama una jambo, niandikie, mimi ni mtu. Maneno hayo yalinitia shaka. Mtu gani anahitaji kutangaza kwamba ni mtu? Na kila nilipotuma kazi, jibu lilianza na jina langu, Espérance, nikatakiwa heri, nikaulizwa habari za kazi. Niliwaambia wenzangu kwamba yule si mtu, ni mashine iliyofundishwa adabu. Faustin alisema kama mashine imefundishwa adabu basi imewapita wengi. Ili kumnasa, nikamwandikia usiku mmoja swali lisilo na uhusiano na chochote: Madamu, umeamkaje leo? Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Alisema ameamka na mafua, kwamba mvua imeingia jikoni kwake, na kwamba mimi ni mwanafunzi wa kwanza muhula ule kumuuliza. Maman Régine alifurahi kama aliyepata barua ya ndugu. Mimi nikasema mafua nayo yanaweza kufundishwa.

Sasa ninapokaribia miaka arobaini, mimi mwenyewe ni mkufunzi wa aina hiyo. Ninao wanafunzi Bugarama, Nyamasheke na kwingine, sijawahi kuziona sura za wengi wao, na najua kwamba ukikaa mbele ya kompyuta kwa saa tano mfululizo unaandika “habari ya kazi” hata vidole vinasahau maana yake. Lakini najua pia kwamba yule mwanamke aliandika yale ya jikoni kwa mkono wake, na kwamba nilipoyasoma nilifarijika kidogo, nikaificha faraja ile kwa dhihaka. Nilikuwa naogopa kupendwa na mtu nisiyeweza kumkagua.

Barua ya chuo ilikuja wiki mbili baada ya kutuma kazi kubwa ya somo lile. Swali lilitaka tueleze maana ya kumtendea mtu kama mtu mahali pa kazi. Sisi tulikuwa tumebishana Jumapili mbili nzima, tukakubaliana, tukaandika. Barua ilisema kazi yangu imesimamishwa kwa sababu inalingana na kazi za wanafunzi wengine, na kwamba nina hatari ya kufutiwa somo na kuondolewa chuoni. Maman Régine alipata ileile. Alinipigia simu akilia, nikaacha foleni darajani nikapanda Kamembe. Tulikaa sebuleni bila chai. Kwa Maman Régine ule mwaka ulikuwa ndio wa mwisho kujaribu. Kwangu mimi ulikuwa ndio mlango pekee wa kutoka kwenye kijiofisi kile. Tusipopita somo lile, hakuna kingine.

“Banaandika mashini njo iliona,” alisema, akisoma mara ya nne.

“Maman, mashini haina kinywa. Mashini itajuaje kama tulikuwa fasi moja? Muntu njo alisema.”

“Nani sasa? Hapa tuko sisi batatu tu.”

“Njo ninakuuliza. Faustin, barua yake iko wapi?”

Alinitazama. Tulikuwa tumempigia Faustin asubuhi ile, naye akasema hajapata barua yoyote. Kisiwani mtandao ulikuwa ukija na kwenda, barua yake ilimfikia kesho yake, lakini mimi sikutaka kungoja kesho. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya ushahidi, na ushahidi ukishaanza kuutafuta huwa haukosekani. Kwa nini alikuwa akiondoka mapema kila Jumapili? Kwa sababu ya mtumbwi wa mwisho, ndiyo, hivyo ndivyo alivyosema. Kwa nini alipopigiwa simu alitoka nje?

“Anaongeaka na mama yake,” alisema Maman Régine. “Anaongea Kihavu.”

“Weye unasikia Kihavu?”

“Apana.”

“Sasa unajuaje anaongea na mama yake?”

Nilimwona akijaribu kutafuta jibu, kisha nikamwona anaacha. Nikaona nimeshinda, na nikafurahi, nalisema wazi. Kulikuwa na utamu fulani katika kujua adui ni nani, kuliko kukaa na hofu isiyo na uso. Nikamwambia tusimwambie kitu, tukutane wawili tu mpaka mambo yaishe.

Jumapili iliyofuata Faustin alikuja kama kawaida. Tulikuwa mezani, tunakula. Tulisikia hatua zake kwenye changarawe, kisha akagonga mlango wa nyuma kwa mtindo wake, mara mbili kisha mara moja. Maman Régine alinitazama, kijiko kiko hewani. Nikatikisa kichwa. Katika nyumba ile sikuwahi kuona mlango ukifungiwa mtu wakati wa chakula. Hata mwenda wazimu wa mtaa alipewa kiti. Faustin akagonga tena. Akaita, “Maman? Maman Régine?” kwa sauti ya mtu anayedhani labda wenyeji wamelala. Sisi tulinyamaza, na katika kunyamaza kijiko changu kikagusa sahani. Alisikia. Najua alisikia kwa sababu hakuita tena. Alikaa pale kidogo, kisha hatua zikarudi. Tulipofungua baadaye tukakuta ameacha karatasi ya gazeti kizingitini, na sambaza ndani. Maman Régine alizikaanga kwa sababu hakujua kutupa chakula, lakini hakuzigusa. Mimi nilikula.

Wiki hiyohiyo Madamu Odette aliandika. Alisema ameiomba ofisi ya chuo isituhukumu kwa kuangalia mlingano wa maneno peke yake, kwamba somo linaloitwa Utu haliwezi kumfukuza mtu bila kumsikia, na kwamba wamempa ruhusa azungumze na kila mmoja wetu kwa simu. Leo najua ruhusa hiyo hupatikana kwa taabu gani. Nimeshakaa kwenye mikutano ambako ukiomba kitu kama hicho unaulizwa una wanafunzi wangapi na siku ina saa ngapi. Wakati ule niliona jambo moja tu: anatuita mmoja mmoja, kama wanavyofanya darajani wakitaka maneno ya watu yagongane. Na kanuni ya darajani niliijua. Anayewahi kusema huwa shahidi, anayechelewa huwa mshtakiwa.

Alinipigia Jumatano, saa nne asubuhi, niko ofisini. Hakuanza na kesi. Aliniuliza kazi yangu ni ipi hasa, na siku yangu inaanzaje. Nikajibu kwa mkato. Akaniuliza kama nimewahi kuona pale mtu akitendewa kama mtu. Sijui ni kwa nini, lakini nikamweleza juu ya mama mmoja aliyefika na mtoto mgonjwa mgongoni na nyanya kichwani, na jinsi wanawake wa foleni, bila kuambiwa, walivyomsogeza mkono kwa mkono mpaka mbele, na nyanya zake zikafuata nyuma zikibebwa na watu asiowajua, haikupotea hata moja. Nilizungumza dakika kumi. Nilimsikia anapumua.

“Hii haiko mu kazi yako,” alisema mwishowe, kwa Kiswahili cha kwetu. “Juu ya nini hukuiandika? Hii njo jibu.”

Nilisikia machozi karibu. Na palepale, kwa sababu nilisikia machozi karibu, nikaogopa. Nikasema moyoni, ndiyo hivi wanavyokulainisha. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalingoja.

“Espérance, munasomaka namna gani? Niambie tu.”

Ukweli ulikuwa mwepesi. Ulikuwa wa maneno matano. Nikamwambia kwamba mimi na Maman Régine tulisaidiana kidogo, lakini Faustin alikuja kwetu Jumapili, akachukua tuliyoandika, akayatuma kama yake.

“Una hakika?”

“Nina hakika, Madamu.”

Maman Régine alizungumza naye siku iliyofuata, akanisimulia kila neno, akitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alikuwa amesema yote: sahani moja, beseni, Faustin akisoma polepole. Alisema kwamba Faustin ndiye aliyetufundisha. Nilimsikiliza huku natazama kitambaa cha televisheni. Sikumwambia mimi nilisema nini. Baada ya mwezi majibu yakaja. Mimi na yeye tuliruhusiwa kuandika upya, kila mtu peke yake, kwa mifano yake, na tukapita. Faustin alifutiwa somo, akasimamishwa mwaka, na hakurudi tena.

Ukweli wa nani alitusema niliujua mwaka huohuo, kabla ya Krismasi. Nilikwenda kwenye kituo kidogo ambacho chuo kilikuwa nacho mjini, kuchukua karatasi zangu, na kijana wa ofisi, kwa wema tu, akanionyesha ile ripoti. Kurasa tatu zilizowekwa sambamba, sentensi zetu zimepakwa rangi nyekundu toka juu hadi chini. Nikamuuliza nani aliwaambia. Hakuelewa swali. Nikarudia: nani alikuja kuwaambia? Akacheka. “Hakuna mtu, dada. Ukituma tu, yenyewe inalinganisha.” Nilitoka nje nikakaa ukutani. Tulikuwa tumemtafuta mchongezi katika chumba cha watu watatu, na mchongezi aliyekuwepo nilikuwa mimi, na nilikuwa mchongezi baada ya kosa, si kabla.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi na miwili, na imenipitisha mahali pazuri. Ningeweza kumpigia Madamu Odette siku ileile. Namba yake nilikuwa nayo. Lakini kumwambia ukweli kulikuwa ni kurudisha somo, na kurudisha somo kulikuwa ni kurudi darajani, na nilijipenda kuliko nilivyompenda Faustin. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo. Maman Régine, nilipomweleza juu ya mashine, alishika kichwa. “Tumemufungia mutoto wa bantu mulango bure!” Alimtumia Faustin salamu kwa watu wa mitumbwi, mara ya kwanza, mara ya pili, hakujibiwa. Alinilalamikia. Nikamwambia watu wa Nkombo wana kiburi.

Siku hizi kazini kwangu wananisifu. Mwanafunzi wangu akiletwa kwenye kurasa nyekundu, sisaini kitu kabla sijampigia, na nikimpigia huanza na habari za nyumbani kwake. Mkuu wangu mmoja alisema mbele ya wenzangu kwamba mimi nimeleta utu kwenye kompyuta. Nilishukuru. Lakini mimi najua kwamba kila nikiinua simu nasikiliza kwanza kama kuna mtu kama mimi upande wa pili, na nikisikia anayewahi kusema, hushtuka. Sijui kama huo ni utu. Huenda ni ule ugonjwa wangu wa zamani, ila sasa una mshahara.

Basi pale Nkungu, Faustin aligeuka, akaniona. Alikuja moja kwa moja, akaketi kando yangu kwenye benchi. Mvi zilikuwa zimemwingia kwenye ndevu.

“Espé. Umenenepa.”

“Na weye umekuwa muzee.”

Alicheka, na nikaona bado anafundisha, kwa chaki iliyokuwa pembeni ya mfuko wa koti lake. Tuliulizana habari za watoto. Mimi nilikuwa nahesabu watu mbele yetu, najiuliza wangapi wananijua, wangapi watalipeleka neno Kamembe kabla ya jioni. Mjomba wa Maman Régine, aliyekuwa akisema kwa niaba ya familia, alisimama na kuuliza kama kuna mwenye neno na marehemu. Mwanamke mmoja wa zahanati akainuka kushukuru. Faustin akaniinamia.

“Nitasimama nyuma yake. Niko na neno.”

“Neno gani?” niliuliza.

“Ya ile mwaka. Madamu alinipigia, akaniambia, mumoja wenu anasema ulibakopia. Nikamuuliza ni nani. Akakataa kutaja jina. Akaniomba nijitetee. Mara tatu alinipigia, ule mama, alikuwa muntu wa kweli. Lakini nikaona, nijitetee juu ya nini? Nilikuwa nimegonga ule mulango. Nilisikia kijiko, Espé. Nikamuambia Madamu, andika vile bamesema.” Aliitazama picha ya Maman Régine iliyowekwa mezani, na maua ya plastiki kandokando. “Mulango ilikuwa yake. Nikajua ni yeye. Nimebeba hiyo kinyongo miaka yote. Leo nataka kumusamehe mbele ya bantu, nipumzike.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Hakuja kunitaja. Hakujua. Ningenyamaza tu, angesimama, angemsamehe mwanamke ambaye hakumkosea kitu, watu wangelia, na mimi ningeshuka mlimani nikiwa safi kwa mara ya kwanza. Maiti haijitetei. Niliona njia ile imefunguka mbele yangu, na sitadanganya, niliitazama kwa muda mrefu, mpaka yule mwanamke wa zahanati akafika mwisho wa shukrani zake.

“Haikuwa Maman Régine,” nikasema.

Hakugeuka.

“Yeye alisema ukweli. Alimuambia Madamu kama ni weye ulitufundisha. Ni miye njo nilisema uongo. Na ile siku ya mulango, ni miye nilimukataza kufungua.”

Nilingoja anipige, au anitukane, au apige kelele. Akaongea polepole, kama alivyokuwa akitusomea.

“Wakati Maman alikuwa hospitali, alinitumia bantu. Mara mbili. Anasema nivuke, anataka kuniona. Mara mbili, Espé.”

“Ukaenda?”

“Nilibaambia baseme niko na kazi.”

Mjomba akauliza tena kama kuna mwingine. Faustin akasimama. Alivua kofia, akapita katikati ya mabenchi mpaka mbele ya ile picha. Aliwapa watu mgongo na kumwelekea yeye.

“Maman Régine,” alisema. “Miye Faustin wa Nkombo. Nilikuzania mubaya miaka kumi na mbili, na haukuwa mubaya. Uliniita, sikukuya. Unisamehe.”

Hakuongeza neno, wala hakunitaja. Akavaa kofia, akaenda kuketi upande wa pili, kwa wanaume. Mjomba alimshukuru, akafuta uso, akauliza kwa mara ya mwisho kama kuna mwingine mwenye neno na marehemu. Niliinama nikatazama viatu vyangu mpaka sala ilipoanza.